Ndafu Inayosimama

Mfumamwili, mashine ya kufuma nyama, ilikuwa imeshamaliza mifupa, sasa inapanda misuli. Sindano zake zilikimbia juu ya meza kama vidole vya msusi mwenye foleni ya wateja, zikitema seli uzi kwa uzi, na mbuzi akawa anatokea hapo hapo, mbuzi mzima, bila mama, bila zizi, bila kulia hata mara moja.

Aikande, mhandisi wa tishu wa kiwanda hicho cha Moshi, aliipenda mashine hiyo mpaka wenzake walimcheka. Ukimkuta kwenye chai atakueleza tu, utake usitake. Kwamba mwili wa mnyama, pamoja na ukubwa wake wote, una aina nne tu za tishu. Kuna ya kufunika, seli zimebanana kama vigae vya bafuni, ndiyo ngozi ya juu na utando wa tumboni. Kuna unganishi, seli zimekaa mbalimbali na katikati kumejaa vitu vingine: mfupa, kano, mafuta, hata damu. Kuna misuli, seli ndefu zinazojikunja na kujinyoosha. Halafu neva, seli zenye mikia mirefu kama nyaya, za kupeleka habari.

Hiyo ya nne kiwanda hakikuwa kinaiweka. Ya nini, kwenye nyama?

Shida ilikuwa harusi. Tangu ile homa ya mifugo, mbuzi wa kufugwa hakuna tena, na Moshi ukifanya harusi bila ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa, utasemwa mpaka watoto wako waoe. Ndafu lazima iingie ukumbini nzima, imesimama kwa miguu minne, majani mdomoni, bibi harusi akate amlishe mumewe. Za kiwandani zilikuwa zinalala. Misuli ambayo haijawahi kufanya kazi ni laini kama maini, ukiichoma inaachia. Kamati moja ilirudisha ndafu yao, wakasema imefika imelewa kuliko wageni.

Ndipo Aikande akapata wazo, na lilikuwa wazo zuri, kila mtu alisema. Alifuma neva kwenye uti wa mgongo na matawi yake mpaka kwatoni, misuli ijizoeze yenyewe. Kichwani hakuweka kitu. Ndafu ikawa inaingia tanurini ikiwa hai bado, imekaza, moto unaikausha vile vile ilivyosimama. Tangu Pasaka oda hazikauki. Na hii iliyokuwa mezani leo ilikuwa ya mdogo wake, Ndeshi, anayeolewa kesho.

Kwa sababu ni ya mdogo wake, aliamua kuiosha mwenyewe, kazi ambayo siku zote hufanywa na roboti. Alifungua koki. Meza ilitetema kidogo, mabomba yanapita chini yake, kisha maji ya baridi yakatoka na ndafu ikaruka. Sawa, neva zinafanya kazi. Akafunga, akapaka sabuni, akafungua tena. Ikaruka tena. Mara iliyofuata alifungua huku mpira wa maji ameuelekeza sakafuni. Hata tone halikuigusa. Lakini meza ilipotetema tu, ndafu ilikunja miguu yote chini ya tumbo, ikajibana, ikasubiri.

Alimwita bosi wake, Dokta Mtenga, mtu wa utani sana. Mtenga akasema kichwa kile ni kitupu kama cha shemeji yake, hakuna pa kuumia. Aikande akafungua koki, maji yakamwagika sakafuni. Mtenga akaacha kucheka.

"Anajifunza, dokta," Aikande alisema. "Ubongo hana, lakini anajua maji yanakuja."

Mtenga aliifunga koki mwenyewe.

"Sikiliza, binti. Harusi zote zile. Utawaambia watu walikula nini?"

Akamwagiza aiingize tanurini, kisha aende zake akasuke, kesho ana shughuli.

Aikande alimpigia Ndeshi kumwambia ndafu haitaingia tanurini. Ndeshi alikuwa saluni, akadhani anataniwa. Halafu akakasirika. Wakwe wanatoka Machame na ukoo mzima, wataambiwa nini, kwamba dada mtu ndiye mtengeneza ndafu na ndafu hakuna? Aikande alimweleza kuhusu koki, kuhusu miguu ile ilivyokunjwa. Ndeshi akaomba dirai izimwe.

"Basi tutakata keki," Ndeshi alisema mwishowe. "Ila dada, huyo sasa utamfanyaje?"

Aikande aligeuka kuitazama ndafu. Koo la kumlishia hakumtengenezea. Mnyama aliishi kwa mrija wa mashine. Ukiuchomoa anakufa, ukiuacha anabaki pale na hofu yake. Aikande akashtuka kuona kwamba kiganja chake kiko mgongoni kwa ndafu, hata hajui alikiweka saa ngapi. Chini ya kiganja misuli ilikuwa inalegea, mmoja baada ya mwingine, miguu ikinyooka taratibu, mpaka mwili wote ukaegemea mkono wake.