Fundi Aliyejifanya Hajui

Foleni ilifika mpaka kwenye ngazi za jengo la simu na kompyuta, mrembo mmoja akaipasua kwa viwiko, gauni la kijani limemkaa sawasawa, kompyuta ameikumbatia kama mtoto mwenye homa. Fundi akainua uso. Moyo ukamlipuka, na chuki ikafuata palepale.

"Wewe?" mrembo akashtuka.

"Mimi, mpenzi wa zamani. Shida?"

"Inakataa nywila, na ni ileile ya siku zote, naapa! Michoro ya nyumba ya mteja imo humu. Nisipoituma mchana huu, kazi anampa mwingine."

Fundi akatupa jicho pembeni mwa skrini. Kibodi ilikuwa imegeuzwa Kifaransa: ukibonyeza A, mashine inasoma Q, na huwezi kujua maana nywila huonekana nukta tu. Kuirudisha ni kubofya mara moja. Lakini huyu ndiye aliyemsimamisha getini kwao siku ya posa, yeye fundi na shangazi yake, wamevaa wakapendeza, na geti halikufunguliwa. Leo atamkoma!

"Jaribu tena, kipenzi. Taratibu."

Ikakataa.

"Labda umesahau. Wewe si hodari wa kusahau?"

"Usinianze!"

Akamkalisha kwenye stuli, akahudumia wengine, akirudi kila mara kumwambia ajaribu tena. Raha iliyoje kumwona akitokwa jasho! Mwishowe simu ya mrembo ikalia. Mteja alikuwa amechoka kungoja, anatafuta mchoraji mwingine. Mrembo akaangua kilio.

"Sasa umejua uchungu wa kungojeshwa," fundi akasema, akabofya. "Andika."

Kompyuta ikafunguka.

"Ulijua tangu mwanzo?"

"Kama wewe ulivyojua tuko getini siku ya posa."

"Siku ya posa tulimkimbiza mama hospitali! Nilipopata nafasi ya kukupigia, ulishanifungia namba. Tumemzika bila wewe."

Fundi akakosa pa kuuweka uso. "Nisamehe, mpenzi."

"Mpigie mteja wangu. Hapahapa, wateja wako wasikie."

Akapiga, akakiri kwamba mashine haikuwa na ubovu wowote, ameichelewesha makusudi. Mzee mmoja akachukua simu yake mezani, akaondoka. Wawili wakamfuata. Mteja akakubali kungoja mpaka jioni.

Mrembo akafuta machozi, akabeba kompyuta yake.

"Na mimi je?"

"Nitakupigia."

"Lini?"

"Hasira zikiisha. Kwa sasa bado zinaninogea."