Kiitikio cha Bibi Icilda

Kila siku akitoka shule, Tamoya alipitia kwanza studio ya Linval kabla ya kwenda jikoni kwa bibi yake. Linval alikuwa jirani tu, lakini watoto wote wa ua ule wa Kingston walimwita mjomba. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja kilichobandikwa trei za mayai ukutani. Mwezi huo alikuwa akikamilisha albamu ya nyimbo kumi na nne za rege na densihol. Waimbaji walikuwa kumi na wanne, mdundo ni uleule mmoja, kila mtu na maneno yake.

Wimbo wa mwisho ulikosa kiitikio. Prento, mwimbaji wake, alijaribu mpaka koo likamkauka.

"Tuache tu, mjomba," alisema. "Leo nimekuwa kasuku mwenye mafua."

Tamoya akaimba taratibu:

"Mvua nyesha, paa livuje,
mwanangu hanyeshewi."

Prento akaruka. "Wee! Umeitoa wapi hiyo?"

"Nimetunga mwenyewe." Neno lilimponyoka kabla hajalipima.

Prento akakirekodi papo hapo, sauti ikimkwaruza. Linval akafurahi, akaliandika jina la Tamoya kwenye karatasi ya jalada. Kumbe wimbo ulikuwa wa Bibi Icilda. Bibi alimwimbia Tamoya kila asubuhi akimsuka nywele, tangu mama yake alipokwenda ughaibuni kufanya kazi.

Njia ya mwongo ni fupi. Jumamosi mchana Linval alitoa spika uani ili majirani waisikie albamu kabla jalada halijachapishwa. Bibi Icilda alikuwa akimenya ndizi mbichi za supu. Kiitikio kilipoanza, kisu chake kikasimama.

"Huyo aliyetunga ni Tamoya wetu!" Linval akatangaza.

Majirani wakapiga mifuniko ya sufuria kwa furaha. "Rudisha! Rudisha tena!"

Wimbo ukarudishwa mwanzo. Tamoya alimtazama bibi yake, akitegemea kukemewa. Bibi Icilda aliweka kisu chini, akachukua mfuniko wa supu yake mwenyewe, akaupiga kwa ajili ya mjukuu wake huku akitabasamu. Macho yake yalikuwa yamelowa. Tamoya aliona heri angechapwa.

"Rudisha!" watu wakapiga kelele mara ya tatu.

"Zima, mjomba!" Tamoya akalia. "Si wangu. Ni wa bibi. Nilidanganya."

Linval akazima spika.

"Yaani mimi kasuku mwenye mafua nimeubonda mfuniko wangu bure?" Prento akauliza. Watu wakacheka kidogo, na Tamoya akapata pumzi.

"Bibi, ulijua ukanyamaza?" Linval aliuliza.

"Nilijua. Nilimtungia mama yake siku ya kimbunga, paa limekwenda na upepo, nimemfunika kwa kifua changu. Sasa huyu nimwaibishe mbele za watu? Nilikuwa namngoja aseme mwenyewe."

Tamoya alimkumbatia kiunoni. "Nisamehe, bibi. Nilitaka jina langu liandikwe, mama alione huko aliko."

Bibi Icilda alimpangusa machozi kwa aproni yenye harufu ya majani ya thaimu ya supu. "Ungeniomba, mwanangu, ningekupa wimbo na baraka zake juu. Sifa ukizipata kwa kitu cha mwenzio ni zake hizo, na wewe mwenyewe ulikuwa unaona jinsi zinavyokuchoma. Lakini umesema kweli watu wote wanasikia, na hilo ni gumu kuliko kutunga wimbo. Haya, twende ndani."

"Wapi?"

"Studio. Kasuku ana mafua, nitaimba mwenyewe. Wewe utaniitikia. Sauti ni yako, hukuiiba kwa mtu."

Linval alifuta mstari mmoja kwenye karatasi, akaandika upya: Mtunzi, Icilda. Mwitikiaji, Tamoya. Bibi alivaa hedfoni juu ya kilemba chake, akamshika mjukuu wake mkono, na mdundo ukaanza. Nje, supu ilimwagikia mkaa, na hakuna aliyejali.