Chuoni Hakuna Anayemwita Mika

Enzi za Mdachi, Rut alikuwa mfinyanzi huko Ikombe, ukingoni mwa Ziwa Nyasa. Asubuhi alikanda udongo. Mumewe Zebedayo alivua samaki. Vyungu vikishachomwa walivipakia mtumbwini na kuvipeleka Mwaya, wakavibadilisha kwa ndizi, mahindi na maharage.

Mwana wao Mika alikuwa chuoni. Chuo chenyewe kilikuwa cha misheni, cha kufundisha walimu, mwendo mfupi kutoka Mwaya. Pale Ikombe hakuna kijana mwingine aliyewahi kufika huko. Rut alipokanda udongo alikuwa akisema, "Mwanangu atakuwa mwalimu." Majirani walichoka kumsikia.

Siku moja vyungu viliisha mapema. Rut akamwambia mumewe, "Baba Mika, napita chuoni kumwona mtoto."

"Usikawie," alisema Zebedayo. "Jua likifika utosini naondoa mtumbwi. Mawimbi ya alasiri hayana huruma."

Rut alimkuta Mika nyuma ya jiko la chuo. Alikuwa peke yake, anatafuna samaki mkavu. Amekonda. Miguuni pake palikuwa na mkeka uliokunjwa na mzigo uliofungwa.

"Ugonile, mama," Mika alisalimu. Hakuinua macho.

"Ndaga. Huo mzigo wa nani?"

"Wangu. Nilijua leo mko Mwaya, narudi nyumbani nanyi."

"Umefukuzwa?"

"Bado. Wananiita mchawi, mama."

Rut alikaa chini. Mika akaeleza. Mwanafunzi mwenzake, Anyisile, alikuwa anaumwa. Anatetemeka, anatapika. Kaka yake Angetile alikuwa hapo hapo chuoni. Huyo ndiye aliyeanza maneno. Alisema mtu anayekula peke yake ana chatu tumboni, na chatu huyo ndiye anayemla mdogo wake. Tangu hapo wanafunzi walimkimbia Mika. Darasani walimwachia benchi zima.

"Na kwa nini unakula peke yako?"

"Hawajaniita."

Rut aliinuka. Kisha akaondoka kwa hatua kubwa kwenda kwa Mwalimu Lameck. Huyu alikuwa mwalimu mkuu wa wanafunzi wapya, naye alisoma hapo hapo zamani.

"Mwalimu, mtoto wangu mnamfanyaje?"

Lameck alimsikiliza mpaka mwisho. Akafuta chaki mikononi.

"Mama Mika, tulimpa kibao cha kuandikia. Tulimpa na mkeka. Hatukumpa mtu."

"Mtu wa nini? Si wamejaa tele hapa?"

"Wamejaa, na hakuna aliye wake. Hawa wengine wametoka vijiji vya karibu. Wamekua rika moja, wanakula pamoja tangu utotoni. Mika amekuja hamjui yeyote. Mgeni kama huyo anataka mlezi."

"Mlezi? Ana ndevu sasa."

"Simaanishi wa kumlisha. Namaanisha mwanafunzi aliyemtangulia. Wa kumwuliza amelalaje, amekula na nani, somo gani limemshinda. Mtu akikosa wa kumwuliza hayo, hata kichwa kinakataa kusoma."

"Basi mpe huyo mtu leo. Mtumbwi unaondoka jua likiwa utosini. Na akiacha chuo, askari wa boma watamkamata awabebee mizigo."

Lameck alimwita Andongwisye, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Alikuwa mrefu, mcheshi, anapendwa na wote. Aliposikia kazi yenyewe, ucheshi ulimtoka.

"Mwalimu, rika langu watanitenga na mimi."

"Huenda. Ndiyo maana nimekuchagua wewe. Una mengi ya kupoteza, watakutazama."

Andongwisye alikwenda nyuma ya jiko. Alisimama mbele ya Mika, mikono kiunoni.

"Jikaze. Wewe ni mwanamume. Maneno hayavunji mfupa."

Mika alikaza kamba ya mzigo wake.

Andongwisye alirudi kwa mwalimu. "Hasikii."

"Umemwuliza nini?"

"Sikumwuliza. Nimemwambia."

"Ndiyo maana anafunga mzigo. Rudi ukae chini. Uliza, kisha funga mdomo."

Safari hii Andongwisye alikaa chini, vumbini. Aliuliza, "Ndugu yangu, siku ya kwanza hapa ilikuwaje?" Akangoja. Mika alichezea kamba ya mzigo wake. Kisha maneno yakatoka. Alisema vikapu vya chakula vilipoletwa na mama za wenzake, yeye alisimama karibu akisubiri. Kwao amefundishwa usitie mkono kwenye chakula cha watu mpaka uitwe kwa jina. Hakuna aliyemwita. Kesho yake hakuna. Naye hakuwa na mama wa karibu wa kuleta kikapu. Aliona aibu, akajificha na samaki wake.

Andongwisye alishika kichwa. "Kumbe. Sisi rika hatuitani. Anayetaka kula anakuja, anakaa. Asiyekuja tunasema ametudharau. Tulikuona umesimama pale, tukasema huyu mtu wa ziwani anaringa."

"Mimi niringe? Nilikuwa na njaa."

"Mimi mwaka wangu wa kwanza nililia kila siku ya sabato," alisema Andongwisye. "Na kwetu ni pale Ndandalo tu. Usiwaambie."

Mika alicheka kidogo. Vikapu vilikuwa vinafika. Jua lilikuwa karibu na utosi.

Walikwenda pamoja. Rut aliwafuata kwa mbali, mzigo wa Mika kichwani. Wanafunzi walikuwa wamekaa duara wakila ndizi na maziwa ya mgando. Mika alipokaribia, mikono yote ilitoka kikapuni.

Angetile alisimama. "Andongwisye, mwondoe huyo. Unataka nimzike mdogo wangu?"

Andongwisye alichukua samaki wa Mika, akamega, akala mbele yao.

"Umeshakula naye," alisema Angetile polepole. "Sasa na wewe usiguse kikapu chetu."

Mika aligeuka aende kwa mama yake. Andongwisye alimshika kifundo cha mkono.

"Angetile, ulimwita lini huyu aje kula?"

"Tangu lini rika linaitana?"

"Kwao wanaitana."

Rut alitua mzigo. "Ni mimi niliyemfundisha, wanangu. Nilimwambia asubiri aitwe. Kama ni kosa, ni langu."

Watu walitazamana. Mmoja alinong'ona, "Kumbe alikuwa anangoja mwaliko, kama mkwe." Wawili watatu wakacheka. Angetile hakucheka.

"Na mdogo wangu?"

Mwalimu Lameck alikuwa amefika. "Ana homa, Angetile, ile ya mbu. Nimempa kwinini, na asubuhi hii amekunywa uji. Masika yaliyopita aliumwa hivi hivi. Mika alikuwa wapi masika yaliyopita?"

Angetile alifikiri. "Ikombe," alisema mwishowe. Akakaa. Hakusema pole, wala hakutabasamu. Alisogeza goti lake. Palipatikana nafasi ya mtu mmoja, nyembamba.

"Njoo ule basi, Mika," alisema, macho yakiwa kwenye kikapu.

Mika alimtazama mama yake. Jua lilikuwa utosini. Rut aliangalia pembeni. Kuna mambo mama hawezi kumchagulia mwanawe.

Mika akakaa.

Mambo hayakunyooka siku hiyo hiyo. Wapo waliosogea mbali naye mpaka Anyisile alipopona. Lakini kila asubuhi Andongwisye alimpitia, akamwuliza amelalaje. Walisoma hesabu pamoja. Siku Mika alipokuwa na huzuni, Andongwisye hakumwambia ajikaze. Alitembea naye mpaka mtoni, wakarudi. Mika alinenepa. Alama zake zikapanda. Alianza kubishana darasani, na mtu habishani mahali asipopaona kwake.

Mwalimu Lameck naye alibadilisha utaratibu. Mwaka uliofuata kila mwanafunzi mpya alipewa mlezi tangu siku ya kuingia, kabla hajaanza kuteseka.

Rut alipita tena chuoni wakati wa likizo fupi ya mwaka huo. "Baba yako anangoja Mwaya. Chukua mkeka twende, ukapumzike."

"Msalimie sana baba," alisema Mika. "Nitakuja mwezi ujao."

"Kuna nini hapa?"

"Kuna mwanafunzi mgeni kutoka Katumba Songwe, mimi ndiye mlezi wake. Wenzake wote wameondoka, yeye kwao mto umefurika, hawezi kuvuka. Nikienda, atabaki na nani?"

Rut hakubisha. Alimpa samaki aliomletea, akafunga kanga yake vizuri, akashika njia ya ziwani.