Nyuki wa Mzee Hilari na Povu la Pinki

Siku ya Jumamosi, Soko Kuu la Tabora halimjui mtu. Baiskeli zinapita na magunia ya mpunga, bajaji zinapiga honi hata pasipo na cha kupigia honi, na ukizubaa unakanyagwa kisha unaulizwa kama huoni. Ndani ya zogo hilo alipita Agnetha, gauni la kitenge cha njano, kilemba kimekaa sawasawa, ndoo mbili za asali mikononi. Kijana mmoja akamgonga bega. Ndoo moja ikamponyoka, na kijana akaidaka kabla haijagusa chini.

"Samahani dada! Haijamwagika hata tone."

Agnetha hakuitazama asali. Alivitazama vidole vya yule kijana, vina mabaka ya pinki mpaka kwenye kucha.

"Kaka, umetoka saluni?"

"Nimetoka kazini," kijana akasema, akijitahidi kuficha mikono na ndoo anayo. "Hili ni povu la kuzuia moto. Naziba mianya kwenye majengo, pale mabomba na nyaya zinapopenya ukutani, ili moto wa chumba hiki usipate njia ya kwenda chumba kile. Likikukaukia mkononi halitoki, hata usugue na mchanga."

"Kuna wanaume nawajua wako hivyo hivyo."

Basi kijana akacheka, na kicheko chake kilikuwa kizuri, tusifichane. Jina lake Revocatus, watu humwita Revo. Alimbebea ndoo zote mbili mpaka dukani kwake Gongoni.

Fundi ni fundi. Hata kiti hajakalia, macho yake yalishakwenda ukutani, kwenye tundu kubwa lililozunguka bomba la maji. Upande wa pili wa ukuta ule jirani yake Koleta alikuwa anakaanga chipsi, na mwanga wa jiko lake ulionekana. Upande huu Agnetha alikuwa amepanga mabonge ya nta.

"Dada, mafuta ya jirani yakishika moto, nta yako haitasubiri. Kesho nakuja na kopo langu."

"Hapo usiguse." Sauti ya Agnetha ilibadilika. "Sogeza sikio."

Revo akasogeza. Ndani ya ukuta nyuki walikuwa wananguruma taratibu.

Agnetha akamweleza. Baba yake, Mzee Hilari, alikuwa mrina asali, maisha yake yote ni pori na mizinga. Juma lile walipomzika, kundi la nyuki lilikuja likaingia kwenye ukuta wa duka hili la kupanga alilomwachia binti yake. Padri akamwambia ni nyuki tu. Yeye akakubali kwa mdomo. Lakini kila asubuhi akifungua mlango huwaamkia, "Shikamoo baba," ndipo anaanza biashara.

Revo hakucheka. Hapo ndipo Agnetha alipompenda, ingawa alichelewa kumwambia, kama inavyotakiwa.

Mapenzi yakanoga. Jioni simu, asubuhi simu.

"Malkia, umekula?"

"Nimekula. Na wewe umenawa mikono?"

"Nimenawa. Bado ni ya pinki."

"Basi usinishike, gauni jipya hili."

Kisha mkaguzi wa zimamoto akapita Gongoni, akatazama tundu lile, akatikisa kichwa. Mianya yote izibwe kabla hajarudi, la sivyo duka lifungwe. Mwenye nyumba naye akadakia kwamba wapangaji wapo wengi. Agnetha akashindwa kula.

"Nikiziba namzika baba mara ya pili," alimwambia Revo. "Nisipoziba sina duka. Nifanyeje?"

"Nipe nafasi nifikirie, mama. Usilie."

Kabla hajamaliza kufikiria, habari ikaja kutoka Choma, kijijini kwao, kwamba mama yake Agnetha ameshikwa na malaria. Agnetha akamwachia Revo ufunguo wa akiba wa duka, akapanda gari siku ile ile. Huko nyumbani kwao, kupata mtandao mpaka upande kichuguu, na mwenye kuuguza hana muda wa vichuguu. Mama alipoanza kuomba uji, binti akarudi Tabora.

Alifungua duka. "Shikamoo baba."

Kimya.

Akasogeza sikio. Kimya. Kuzunguka bomba lile kulikuwa kumejaa povu la pinki, limekatwa kwa kisu likalingana na ukuta, na pembeni matofali matatu yamejengewa kwa saruji ambayo haijakauka vizuri. Sakafuni walilala nyuki wachache wamekufa.

"Koleta! Nani amefanya hivi?"

"Si ni mchumba wako," Koleta akajibu kutoka jikoni. "Mkaguzi alituma neno kwamba anakuja kesho yake. Jioni nikifunga nikamwona Revo anaingia na moshi. Asubuhi nakuta ameshaziba. Umepita ukaguzi, shoga, shukuru Mungu!"

Agnetha alipiga simu. Namba haipatikani. Akapiga tena na tena, haipatikani. Binti wa mrina asali anajua kwamba moshi hutuliza nyuki, hauui. Lakini hasira haina kumbukumbu. Alikaa chini kati ya nta zake akalia kama siku ya msiba.

"Amewachoma, halafu amezima simu," alisema. "Mwanaume mzima, anazima simu!"

Jumapili, watu walipokuwa wanatoka misa, pikipiki ilimsubiri nje ya kanisa. Aliyeikalia alikuwa amevaa kofia ya kukinga kichwa, kioo kimeshushwa. Mikono ilikuwa ya pinki.

"Ondoka hapa, Revo. Muuaji wa nyuki wa watu!"

Revo akavua kofia. Yesu na Maria! Jicho moja limefumba kabisa, mdomo umevimba, shavu limeumuka kama andazi.

Agnetha akataka kuendelea kutukana, matusi yakagoma. "Nini hicho?"

"Nyuki wako." Alisema kwa shida. "Mjomba wangu Festo alishika moshi, mimi nikashika nyuki. Tulikosea kugawana kazi. Nilikupigia mpaka nikachoka, Agnetha, wewe uko Choma. Mkaguzi anakuja kesho yake, ningefanyaje?"

"Na simu yako?"

Akaitoa mfukoni. Tundu la kuchajia na kipaza sauti vyote vimejaa povu lililokauka. "Niliiweka mfuko mmoja na kopo. Panda. Ukishaona, tukana unavyotaka."

Wakashika njia ya Kwihara, barabara ile ile waliyopita babu zao na mizigo ya misafara kichwani. Agnetha alikaa nyuma, hajamshika kiuno, mpaka walipofika penye mashimo.

Nyuma ya nyumba ya mama yake Revo kulikuwa na mninga, na juu yake mzinga wa gome. Agnetha alimwamkia mama, kisha akavua viatu vya misa, akapanda ngazi, akaweka sikio.

Walikuwa wananguruma taratibu, kama kawaida yao.

"Shikamoo baba," akasema. Machozi yakamtoka, na hakuyafuta.

Revo alikuwa ameshika ngazi chini. "Nilitoa matofali matatu, malkia wao nikambeba wa kwanza, wengine wakafuata. Wangeweza kuhama, mzinga hauna mlango. Wamekaa." Akameza mate, na kumeza kwenyewe kulimuuma. "Wewe je? Utakaa na sisi?"

Agnetha alishuka polepole. Akamshika lile shavu, kwa kidole kimoja, akitafuta mahali pasipouma.

"Tuma mshenga Choma," akasema. "Lakini uvimbe uishe kwanza. Mama akikuona hivi atasema nimemletea mgomvi."