Barua Iliyopalilia Shamba

Kila siku kulipopambazuka, Ndila alichota maji kwenye mfereji wa pamoja, akakoroga uji, akampa mdogo wake Ndambuki kikombe chake, kisha akaingia chumbani kwa mama. Hapo ndipo siku ilipoanza kuwa nzito. Alimshika mama kwapani, akamwinua, akauteremsha mguu wake wa kushoto kutoka kitandani kama mtu anayeteremsha mtungi uliojaa pomoni. Mguu ulikuwa umefungwa plasta kutoka pajani hadi vidoleni.

"Taratibu, Ndila. Hilo si gunia la mahindi."

"Pole, Mwaitu," Ndila alijibu. Ndivyo Wakamba wanavyomwita mama.

Huo ulikuwa mwaka wa 1957. Waliishi katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la mkonge, nje kidogo ya Ruiru. Mapema mwezi wa Aprili, Syokau, mama yake Ndila, alikuwa akipakia mkonge mbichi wakati troli lilipoacha reli likapinduka. Wanaume sita waliliinua. Walipomtoa mama, mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili. Daktari wa Thika aliufunga, akampa magongo mawili, akamwambia, "Miezi mitatu mguu huu usiguse chini. Ukigusa, mama, mimi na wewe tutakosana."

Baba hakuwapo. Kaleli, baba yake Ndila, alikuwa seremala na mwinjilisti, na mwezi wa Januari kanisa lilikuwa limemtuma ng'ambo, katika visiwa vya Shelisheli, ahubiri na kusaidia kujenga nyumba ya ibada. Alitumwa kwa mwaka mmoja na nusu. Huko barua zilikwenda kwa meli tu, na kutoka kuandika hadi kujibiwa ilipita karibu miezi miwili.

Kanisa lao lilikuwa na desturi moja. Mtu hakutumwa mbali mpaka mwenzake wa nyumbani asimame mbele ya watu wote na kuulizwa. Siku ile Mchungaji Wamalwa, mtu mrefu kutoka upande wa Bungoma, alimwuliza Syokau, "Mama, unamwachilia?"

Naye Syokau akajibu kwa sauti iliyofika hadi mlangoni, "Namwachilia. Nyumba nitaishika mimi."

Vigelegele vilivyopigwa hapo, Ndila hakuvisahau. Mama naye hakuvisahau, na huko ndiko taabu ilikoanzia.

Aliporudi kutoka hospitali, Syokau alimwita Ndila na karatasi. Yeye mwenyewe hakujua kusoma. "Mwandikie baba yako. Sema sisi sote ni wazima."

"Na mguu, Mwaitu?"

"Mguu una kalamu? Andika wewe. Baba yako akisikia habari hii atapanda meli ya kwanza. Nami nitapita wapi mbele ya watu walionisikia nikisema namwachilia?"

Ndila alikaa kizingitini akaandika: Sisi sote ni wazima. Akatazama karatasi. Mstari mmoja, na chini yake uwanja mtupu. Baba angeiona barua ya namna hiyo angeshuku mara moja. Basi Ndila, ambaye darasa zima la sita halikumshinda kwa insha, akaendelea. Akaandika kwamba mama amepalilia shamba lote lililo nyuma ya kanisa, peke yake, kwa siku nne. Akaandika kwamba jioni mama hukaa nje akicheka mpaka machozi yanamtoka. Kadiri alivyoandika ndivyo moyo wake ulivyopata nafuu, maana katika karatasi ile mama alikuwa na miguu miwili. Akaifunga barua bila kumsomea mama.

Shamba hilo la nyuma ya kanisa lilikuwa kipande ambacho kanisa liliipa familia ya mwinjilisti. Mahindi yalikuwa yamepandwa kabla ya ajali. Sasa magugu yaliyafunika. Wanawake wa kanisa walikuja na majembe Jumamosi moja, lakini Syokau aliwarudisha. "Kuni nitapokea," aliwaambia. "Jembe hapana. Nilisema nitaishika mimi." Wakaenda zao wakinong'ona.

Mwezi wa Juni barua ya Kaleli ikafika. Barua za mwinjilisti zilisomwa mbele ya kanisa, ili waliomtuma wote wasikie. Watu walidhani kwamba amekwisha kuandikiwa habari ya ajali, wakatega masikio wasikie atakavyompa mkewe pole. Syokau alikaa benchi la pembeni, mguu ameunyoosha juu ya kigoda.

Mchungaji Wamalwa alisoma salamu. Akasoma habari za kuta za kanisa jipya, na za samaki ambao Kaleli alikuwa bado hajawazoea. Watu wakacheka. Kisha akasoma: "Zaidi ya yote, ndugu zangu, nilipopata barua ya binti yangu nilipiga magoti, nikamshukuru Mungu aliyempa mke wangu nguvu hata akapalilia shamba lote la nyuma ya kanisa, peke yake, kwa siku nne..."

Sauti ya mchungaji ikapungua. Vichwa viligeuka madirishani, kimoja kimoja. Nje magugu yalisimama kimo cha kiuno, na mbuzi wa jirani alikuwa akila humo, hakuna kilichoonekana ila masikio yake. Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Syokau aliinamisha kichwa akatazama plasta yake. Hakukiinua tena mpaka ibada ilipokwisha.

Nje, Aketch, aliyekaa dawati moja na Ndila shuleni, alimvuta mkono. "We Ndila, ni shamba gani hilo? Au mna lingine kule Nairobi?" Kisha akauona uso wa mwenzake. "Basi, basi. Nilikuwa natania tu."

Nyumbani mama hakumpiga. Ndila alitamani apigwe.

"Nilikuambia uandike shamba?"

"Hapana, Mwaitu."

"Mimi nilificha. Wewe ukazidisha. Na sasa baba yako amekwisha kushukuru. Amepiga magoti, Ndila. Mungu ameshukuriwa kwa kazi ambayo haikufanywa. Wajua hilo ni jambo gani?"

Ndila hakujua. Lakini mama alikuwa na jibu lake mwenyewe, na hakumwambia mtu.

Kesho yake, saa nne, Ndila alikuwa darasani. Shule ilikuwa ng'ambo ya njia, kanisa likionekana dirishani. Mwalimu alikuwa ubaoni akieleza hesabu za mafungu. Ndila alitupa jicho nje, akaona kitu cheupe kikisogea ndani ya magugu. Akadhani ni mbuzi. Kisha akaona gongo likiinuka, na jembe.

Hakuomba ruhusa. Alipofika, mama alikuwa amekwisha kuanguka. Alikuwa amelala juu ya mabua, plasta imepasuka gotini. Nyuma yake palikuwa na udongo uliopaliliwa vizuri sana, hatua tano hivi.

"Nilitaka iwe kweli," mama alisema, meno yakigongana. "Shukrani yake iwe ya kweli."

Alipelekwa Thika kwa lori la mkonge. Ndila alikishika kichwa chake njia nzima, na kila shimo la barabara lilimtoa mama kilio ambacho Ndila hakuwahi kukisikia kwa mtu mzima. Daktari aliikata plasta, akatazama, akasema, "Mfupa umevunjika tena, na uchafu umeingia. Nitasafisha. Lakini ikifika Ijumaa usaha haujapungua, mguu nitaukata. Afadhali mama asiye na mguu kuliko mguu usio na mama."

Jumatano akaja Susu, yaani nyanya yao Mukonyo, aliyemzaa Kaleli. Alitoka Yatta. Siku zile za Hali ya Hatari mtu hakusafiri bila kibali, na kukipata kulimchukua siku nzima kwenye baraza ya chifu. Aliketi kando ya kitanda, akavua leso yake akamfunika nayo Syokau miguu yote miwili, mzima na mbovu.

Ndila alimfuata nje alipokwenda kunawa. "Susu, mguu wa mara ya pili niliuvunja mimi." Akamweleza yote.

Mukonyo alimsikiliza hadi mwisho, wala hakumkatiza. Hakumwambia kwamba si kosa lake. "Jembe alilishika mama yako," alisema. "Lakini njia ya kwenda shambani mliifyeka wawili. Una karatasi?"

Syokau aliposikia neno karatasi alijaribu kujiinua. "Mama, nakuomba. Usimwandikie. Atarudi, na mimi nilimwachilia mbele ya watu."

"Kaleli ni mwanangu, na kazi aliyokwenda kuifanya naipenda," alijibu Mukonyo. "Ulimwachilia aende. Sawa. Lakini ulimwachilia asijue?"

Syokau aligeukia ukutani. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walijifanya wamelala. Ndila alishika kalamu hewani mpaka mkono ukamchoka. Mwishowe sauti ikatoka ukutani, ndogo sana: "Andika mahali pawili, mara ya kwanza. Andika na mara ya pili. Na usizidishe, Ndila."

Ndila aliandika: "Baba, mama alivunjika mguu mahali pawili mwezi wa Aprili kwa troli la mkonge. Shamba hakulipalilia. Niliandika uongo huo mimi. Barua yako iliposomwa alikwenda kulima na plasta, akavunjika tena. Yuko hospitali ya Thika. Ijumaa daktari ataamua kama atamkata mguu. Ndambuki ni mzima. Mimi ni mzima, lakini si sana." Akaisoma yote kwa sauti, neno kwa neno, kabla ya kuifunga. Mama akaitikia kwa kichwa.

Ijumaa daktari aliufungua mguu. Ndila alisimama mlangoni akiuma ncha ya mkono wa gauni lake. Daktari alibonyeza, akainama akanusa, akabonyeza tena. "Tungoje Jumatatu," alisema. Jumatatu akasema wangoje Alhamisi. Hivyo hivyo, siku tatu tatu, kwa mwezi mzima, na hakuna aliyethubutu kufurahi. Susu alikaa na watoto. Wanawake wa kanisa walilipalilia shamba bila kuuliza mtu, lakini mahindi yalikuwa yamekwisha kudhoofika. Walivuna machache.

Mwishoni mwa Agosti, Mchungaji Wamalwa alikuja Thika na bahasha. Kaleli alikuwa ameandika kwamba safari hii barua isomwe kwanza mbele ya mkewe. Mchungaji alivuta kiti, akasoma polepole:

"Mke wangu Syokau. Miezi ile yote mguu wako ulikuwa ukiuma, na mimi huku nilikuwa nikiimba. Nilikuwa nikishukuru wakati ilinipasa kuomba. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Mlininyima mzigo wangu. Nimeketi na ndugu wa hapa. Paa linakwisha mwezi huu, na kazi iliyobaki wataishika wao mpaka utembee. Usiseme umenirudisha. Sijaiacha kazi ya Mungu, maana mguu wako nao ni kazi yake. Ndila, andika tena. Niambie mguu ulivyo, hata ukiwa mbaya."

Syokau alilia, akamwacha kila mtu wodini amwone.

Kaleli alifika Oktoba, amekonda, ngozi imeungua kwa jua la bahari. Mguu haukukatwa. Lakini ulipona ukiwa mfupi kuliko mwenzake kwa vidole viwili, na Syokau hakubeba tena mtungi kichwani maisha yake yote. Kwa miezi mingi Kaleli alitengeneza milango na madawati pale pale Ruiru, na kila asubuhi yeye na Ndila walimshika mama, mmoja huku na mmoja huku, wakamtembeza hadi mferejini na kurudi.

Juni iliyofuata kanisa liliuliza kama Kaleli aweza kurudi Shelisheli kumalizia kazi. Syokau alisimama tena mbele ya watu, gongo moja mkononi.

"Mama, unamwachilia?" aliuliza mchungaji.

"Namwachilia," alisema. "Lakini nyumba siwezi kuishika peke yangu. Mniletee kuni, na majembe pia. Na nikishindwa, ataandikiwa."

Safari hii hapakuwa na vigelegele vingi. Wanawake waliinuka tu, wakaja wakasimama karibu naye.

Jioni ile Susu, ambaye alikuwa amekuja kumuaga mwanawe, alimkalisha Ndila kizingitini. "Sikiliza, mjukuu wangu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, nanyi mmekiona kilio chenyewe. Najua hamkudanganya kwa ubaya. Mlidanganya kwa kumpenda. Lakini aliye mbali hana macho mengine ila barua yako. Ukimwandikia uongo, hata uwe mtamu namna gani, umempofusha. Na wewe uliyebaki na maumivu umejitenga na watu ambao wangekusaidia kuyabeba. Umesikia?"

"Nimesikia, Susu."

Wiki mbili baada ya baba kuondoka, Ndila alikaa mahali pale pale na karatasi. Mama aliketi karibu naye, mguu mfupi juu ya kigoda, akingoja asomewe. Ndila alifikiri kidogo, kisha akaandika mstari wa kwanza: "Baba, mama bado anachechemea, na leo mvua imenyesha, mguu umemwuma tangu asubuhi."