Paka Aliyekatwa Sikio la Kulia

Paka wote wakubwa waliopita katika chumba cha nyuma cha Bi Sindano walikatwa ncha ya sikio la kushoto. Ilikuwa alama ya daktari wa wanyama. Akishamfunga paka kizazi, kabla usingizi wa dawa haujamtoka, humpunguza sikio kidogo tu, kipande kisichozidi ukucha wa mtoto, ili paka huyo akinaswa siku nyingine asipasuliwe tena bure. Kwa hiyo mchana ule, Bi Sindano alipofunua kitambaa kwenye mtego wake nyuma ya bucha na kumkuta paka mweusi ambaye sikio lake limekwisha kukatwa, alishusha pumzi. Kazi moja ilikuwa imepungua. Alifika nusu ya njia ya kurudi nyumbani, ndipo alipotazama tena na kuona kwamba lililokatwa lilikuwa la kulia.

"Huko kwenu wanakata huku?" alimuuliza.

Paka alimtazama bila kupepesa.

Bi Sindano alikuwa fundi cherehani, na jina hilo alipewa na mtaa. Asubuhi alishona sare za shule na mapazia. Mchana na jioni alizunguka na mtego, kopo la vichwa vya samaki na viatu vya mpira. Alikuwa ametoa paka mitaroni, juu ya mapaa, hata ndani ya injini ya gari la watu. Aliwatibu, akawanenepesha, kisha akawatafutia wa kuwachukua, na hao waliokuja kuwachukua aliwahoji kama mzazi anayeoza binti. Dereva mmoja wa teksi alirudishwa mara tatu kabla hajakubaliwa.

Kila paka aliyeingia alipewa vitu viwili. Kwanza jina, ambalo Bi Sindano alilidarizi kwenye utepe, kisha akaushona ule utepe shingoni mwa paka, umelegea kiasi cha kupitisha kidole. Ndivyo walivyopatikana akina Pindo, Uzi, Kiraka na Kifungo. Cha pili kilikuwa maneno. Alimshika paka kichwa kwa mikono miwili akamwambia, "Hapa ni kwako, mpaka upate kwako." Asiposema hivyo alihisi kama mtu aliyetoka nyumbani bila kufunga mlango.

Yule mweusi alimwita Hariri, kwa jinsi manyoya yake yalivyoteleza. Alimshonea utepe, akamshika kichwa, akasema, "Hapa ni kwako," na papo hapo mteja akagonga mlango akidai sare ya mwanawe iliyopaswa kuwa tayari tangu juzi. Bi Sindano akainuka kwenda kuomba radhi. Maneno yaliyobaki hakuyarudia.

Kesho yake paka wengine kumi na mmoja walikuwa juu ya kabati. Wote, hata Pindo, mnene asiyeweza kuruka kiti. Walikaa wamebanana, wakitazama upande mmoja, na hakuna aliyeshuka kula. Chini, mbele ya kioo kirefu ambacho wateja walijipimia nguo, Hariri aliketi akijitazama.

"Wamekuwa kuku sasa?" aliuliza mdogo wake Bi Sindano. Huyu aliuza viatu, aliishi naye nyumba moja, na kila asubuhi alianza siku kwa kufuta manyoya kwenye bidhaa zake. "Dada, nilikwambia. Ipo siku watakutoa humu ndani ukalale wewe uani."

"Wamemwogopa mgeni. Watazoea."

Hawakuzoea. Siku ya pili hawakugusa hata maji. Kifungo, kitoto kisichoona, chenye ukubwa wa ngumi, alikuwa amebebwa juu na wenzake, na Bi Sindano alipomshusha kumdondoshea maziwa, maziwa yalimtoka pembeni mwa mdomo. Moyo wa kitoto ulikuwa ukienda mbio kwenye kiganja cha Bi Sindano. Harufu ya sufu iliyounguzwa ilijaa chumbani, naye aliikagua pasi mara mbili. Pasi ilikuwa baridi.

Kisha Hariri akaanza kunguruma. Paka hunguruma akifurahi, kila mtu anajua, lakini ngurumo hii ilitoka chini mno, chini ya sakafu, mpaka mkasi ukatetemeka juu ya meza na pini zikaanza kutambaa ndani ya kisahani chake kama sisimizi.

Saa kumi alasiri, kama kawaida, Bi Sindano alipanga sahani na kuanza kuita majina. Mdogo wake alikuwa mlangoni na jozi ya viatu mkononi.

"Pindo!"

"Naam," ikajibu sauti ya mzee, kutoka chini ya meza ya kukatia nguo.

Bi Sindano alibaki na kijiko hewani.

"Dada," mdogo wake alinong'ona. "Nani ameitika?"

"Sema taratibu."

"Nasema taratibu. Nani ameitika?"

Bi Sindano alilowesha midomo. "Uzi," aliita.

"Naam," ikajibu sauti ya msichana.

"Usiite tena. Dada, nakusihi, usiite tena."

Hakuita tena, lakini chini ya meza majina yaliendelea kuitikiwa, lile la Kiraka kwa sauti ya mwanamke mwenye mafua, na lile la Kifungo kwa kilio cha mtoto mchanga, moja baada ya jingine kwa mpangilio wake ule ule wa kila siku, huku kule juu ya kabati paka wenyewe wakiwa wamefumba macho kama watoto wanaosubiri kuchapwa.

Bi Sindano alimpigia simu daktari wa wanyama.

"La kulia?" daktari alishangaa. "Mama, miaka yote hii sijawahi kukata la kulia. Na nijuavyo mimi, hapa mjini hakuna mwingine anayekata. Mlete nimwone."

Alipokata simu aligeuka kutazama kioo. Ndani ya kioo, paka wakubwa wa juu ya kabati walionekana wamekatwa sikio la kulia, kwa kuwa kioo hugeuza. Hariri peke yake ndiye aliyeonekana amekatwa la kushoto, vizuri kabisa, kama anavyokata daktari. Naye, ndani ya kioo, alikuwa akimtazama Bi Sindano usoni, ingawa nje ya kioo alikuwa amefumba macho.

Mganga waliyemwita alikuja asubuhi, bibi mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuingia. Alisimama kizingitini akanusa, akasikiliza, akahesabu paka kwa kidole.

"Huyu si paka," alisema polepole. "Kaiga paka, na kawaigia upande ule wa kioo. Ndiyo maana kakosea. Alipoingia, ulimwambia nini?"

Bi Sindano akamweleza.

"Ukaishia hapo? 'Hapa ni kwako'?"

"Mteja alibisha, bibi."

"Basi umempa nyumba, mwanangu. Majini hawa hushika neno kama lilivyotoka." Bibi alivua miwani akaifuta. "Njia nyepesi ni hii. Watoe paka wote leo, uwarudishe ulikowatoa. Wewe na mdogo wako mhame siku arobaini. Likikosa wa kutisha, litachoka, litaondoka."

"Nimekwisha kusikia," mdogo mtu alisema. "Nakwenda kufunga mizigo."

"Kifungo haoni," alisema Bi Sindano. "Nimrudishe mtaroni?"

"Ni paka, mwanangu."

"Najua ni paka, bibi. Mimi ndiye niliyemtoa humo akiwa na funza masikioni. Simrudishi kwa sababu kuna mtu kaja kunguruma nyumbani kwangu. Njia nzito ni ipi?"

Mganga alivaa tena miwani yake. Kisha akasema kwamba jina ndilo lililolifunga lile jini katika umbo la paka na katika nyumba ile, na kwa kuwa lilishonwa kwa mkono, lingefumuliwa kwa mkono ule ule. Mchana kweupe, likiwa mapajani mwake, uzi mmoja mmoja. "Usikate kwa mkasi, nusu itabaki. Na kazi isisimame. Litakuomba, litakutisha. Ukiacha hata kidogo, basi hapo ni pake kweli. Sisi tutakuwa nje. Kuingia haturuhusiwi. Kusema tunaruhusiwa."

Saa saba mchana Bi Sindano alifunga mlango kwa ndani, akaketi kwenye kigoda na kumpakata Hariri. Alichukua sindano nene na kuanza na herufi ya mwisho.

Herufi ya kwanza kufumuliwa ilitoka kwa urahisi, na paka akawa mzito kama jiwe la kusagia. Ya pili ilipotoka alikuwa mzito kama mtoto wa shule.

"Ulisema hapa ni kwangu," alisema paka. Sauti ilikuwa ya upole, karibu na sikio lake.

"Nilikuwa sijamaliza kusema."

"Niache mimi, uwatoe hao. Mimi sili chakula chako. Siugui. Sifi. Hao watakufa mmoja mmoja, na utawazika wewe mwenyewe, kwa mikono hii."

Bi Sindano aliwahi kuzika paka wengi nyuma ya nyumba, na kila mmoja bado alimuuma. Sindano ilikwenda kando kidogo, ikarudi kwenye uzi.

"Nitawazika," alisema.

"Kile kipofu hakifiki jioni."

"Basi nina haraka."

Ngurumo ikapanda kutoka sakafuni ikaingia kwenye miguu ya kigoda, ikaingia kwenye mifupa yake, na uzito mapajani ukawa uzito wa mtu mzima, na kwa pembe ya jicho aliona kwenye kioo kwamba kilichoketi juu yake kilikuwa na miguu mirefu iliyofika chini na kukunjana tena, lakini hakugeuka, akavuta uzi, akavuta mwingine, huku vidole vya mkono wa kulia vikianza kufa ganzi kuanzia kwenye kucha, kimoja, viwili, vitatu, na joto la pasi likimpumulia shingoni, na sauti zile zote za jana, mzee na msichana na mwanamke mwenye mafua na mtoto mchanga, zikimwita kwa pamoja kwa jina lake halisi, lile ambalo mtaani hakuna aliyelijua.

"Dada!" mdogo wake alipiga kelele nje, akigonga mlango kwa kiatu. "Dada, fumua! Ulishinda hata baba na ubishi wako, utashindwa na huyo? Fumua!"

"Nafumua!"

"Sikusikii!"

"Nafumua, mdogo wangu, acha kuvunja mlango!"

Ilibaki herufi moja. Vidole vyake vilikuwa vimekuwa vijiti, na sindano ilidondoka ikalia sakafuni. Kazi isisimame, bibi alisema. Bi Sindano aliinama, akazamisha uso wake katika yale manyoya yanayoteleza, ambayo sasa yalikuwa marefu kama nywele za mtu, akautafuta uzi kwa ulimi, akaukamata kwa meno kama alivyozoea kufanya tangu alipokuwa mwanafunzi wa ushonaji, na kuuvuta, na kuuvuta, huku kitu kikimlilia masikioni, ngozi ikisogea chini ya shavu lake, na kinywa chake kikijaa ladha ya majivu, mpaka uzi ukaachia upande wa kule na kumjia wote.

Mapajani palikuwa pepesi. Ulibaki utepe mtupu, na matundu madogo ya sindano.

Juu ya kabati kitu kilianguka kwa kishindo. Alikuwa Pindo, aliyejaribu kuruka na kukosea. Uzi akafuata, na Kiraka, na wengine, wakikanyagana kuziendea sahani kama watoto kengele ya chakula inapolia. Bi Sindano alipanda kwenye kigoda, akamchukua Kifungo kwa mkono wa kushoto, akamdondoshea maziwa. Safari hii hayakumtoka. Alimeza. Akameza tena, akamng'ata kidole akitaka zaidi.

Vidole vitatu vya mkono wa kulia havikurudi. Mpaka leo anashona kwa kuvitazama, kama mtu anayeongoza mkono wa mwingine, na sare zimekuwa zikichelewa kidogo zaidi.

Wiki hiyo hiyo alivaa viatu vyake vya mpira na kubeba mtego.

"Hujakoma?" mdogo wake aliuliza.

"Nikome kwani nimekosa nini?"

Nyuma ya bucha, jua lilikuwa la utosi. Aliweka vichwa vya samaki chini, akarudi hatua tatu, akangoja. Chini ya gari bovu aliona macho, jozi nne, labda tano. Hayakusogea. Yalitazama juu, nyuma yake, ukutani. Bi Sindano aligeuka. Juu ya ukuta kilikaa kitu chenye umbo la paka, bila utepe wala jina, na kivuli chake kilikuwa kimesimama wima juu yake hewani, kikilielekea jua. Harufu ya sufu iliyoungua ikashuka polepole.

Alikitazama vya kutosha ili kijue kwamba ameonekana. Kisha akakipa mgongo. Alipanua miguu, akasimama katikati ya kile kitu na chakula, mikono kiunoni, huku pumzi ya moto ikimfika kwenye kisogo.

"Kuleni," aliwaambia wale wa chini ya gari. "Mimi nipo hapa."

Ilipita dakika nzima. Kisha wa kwanza akatoka.