Basi la Umeme Nalo Lina Milango

Félix na mkewe Olive wanaishi Rågsved, kusini mwa Stockholm. Walihamia huko kutoka Uvira, Kongo. Olive ni mpishi katika shule ya watoto wadogo. Félix alikuwa fundi wa mabasi. Kwa miaka kumi na tisa aliondoka nyumbani alfajiri, akarudi jioni mikono ikinuka dizeli. Aliipenda kazi yake.

Kisha mabasi ya umeme yakaja, na karakana yao ikafungwa. Félix alikuwa na miaka hamsini na tisa.

Siku ya kwanza bila kazi alijiandikisha Arbetsförmedlingen, ofisi ya serikali ya ajira. Hapo alifanya vizuri. Halafu akatuma maombi arobaini na moja. Waajiri wengi hawakumjibu kabisa.

Akaacha kwenda kanisani.

"Kila mtu ataniuliza kama nimepata kazi," alimwambia mkewe. "Nimjibu nini?"

"Mjibu bado," alisema Olive. "Kwani bado ni dhambi?"

Jumapili moja Olive alirudi kutoka kanisani na jirani yao Ghislaine, mama wa Kirundi wa ghorofa ya pili. Kazi ya Ghislaine ni kuwashauri watu wanaotafuta ajira.

"Shemeji, nionyeshe unachotuma," alisema.

Félix alileta CV yake, karatasi zinazoeleza kazi alizofanya. Zilikuwa kurasa tano, na zilianza na shule ya msingi. Binti yao Diane alichungulia.

"Pappa, för långt!"

"Anasema ni ndefu mno," Félix alilalamika. "Lakini ndiyo maisha yangu yote!"

"Mwajiri hahitaji maisha yako yote," alisema Ghislaine. "Anataka kujua utamsaidia nini kesho asubuhi. Kurasa mbili zinatosha. Anza na kazi ya mwisho. Na barua hii ya maombi inaanzaje? 'Samahani, nina miaka hamsini na tisa.' Mbona unaomba msamaha? Umeiba miaka ya mtu?"

Olive alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Lakini mimi ni fundi wa dizeli," alisema Félix. "Na dizeli inaondoka."

"Basi la umeme halina milango?" aliuliza Ghislaine.

"Linayo."

"Breki je?"

"Zipo."

"Na magurudumu?"

Félix alitabasamu. "Hata vioo vyake vinapasuka vilevile."

"Andika hayo! Anza na unayoyajua. Usiyoyajua, sema uko tayari kujifunza. Uliza kuhusu kozi ya usalama wa umeme wa magari. Tena waambie watu kwamba unatafuta. Kazi nyingine hazitangazwi. Utazisikia wapi ukijifungia ndani?"

Jumapili iliyofuata Félix alivaa koti lake, akaenda kanisani. Hakuficha kitu. Dereva mmoja wa basi, Augustino, alimsikiliza, akamshika mkono.

"Kaka, kwetu fundi mmoja anastaafu. Leta karatasi zako kesho."

Félix aliitwa kwenye mahojiano. Jioni tatu mfululizo Ghislaine alimuuliza maswali kwa Kiswidi, naye Diane akamsahihisha baba yake bila huruma.

Mkuu wa karakana ya akina Augustino, Rebecka, aliuliza swali ambalo Félix aliliogopa.

"Umewahi kufanya kazi na mabasi ya umeme?"

"Bado," alijibu Félix. "Betri sitaigusa kabla ya kufundishwa. Nimeshaomba kozi. Lakini milango, breki na magurudumu nayajua. Usiku mmoja wa baridi kali milango iliganda. Niliyaingiza mabasi tisa barabarani kabla ya saa kumi na mbili asubuhi."

Rebecka aliweka kalamu chini. "Ulifanyaje?"

Félix akaeleza. Walizungumza juu ya milango kwa nusu saa. Alipotoka, alikuwa hajaulizwa umri wake.

Alichukuliwa kwa miezi sita ya majaribio. Alisoma kozi ile. Wenzake walimfundisha betri, naye akawafundisha kusikiliza breki kwa sikio kabla ya kufungua chochote.

Miezi sita ilipoisha, Rebecka alimwambia, "Félix, baki nasi."

Félix alimpigia simu Olive papo hapo. Olive alikuwa shuleni akigawa chakula cha mchana.

"Wamenipa kazi ya kudumu!"

Olive alipiga vigelegele. Mwiko ukaanguka. Watoto wote mezani waligeuka kumtazama, kisha wakaanza kupiga makofi, ingawa hawakujua sababu.